Nyumba ya Kiponda na Rangi Zake

Katika mambo ambayo watu wengi hudhani yanataka macho tu wala hayataki ilimu, kuchagua rangi ya kupaka ndani ya nyumba ni la mstari wa mbele. Mtu huingia dukani, akapewa kadi yenye vipande vya rangi visivyozidi upana wa kidole gumba, akakipenda kimojawapo kwa kuwa kinafanana na ukumbi aliouona kwa jamaa yake au katika picha, akalipa, na kabla ya juma kwisha rangi hiyo imekwisha kutandazwa juu ya kuta ambazo hakuna aliyezitazama hali yake. Mimi si fundi, wala sikuwahi kushika brashi kwa ujira. Lakini ilinipasa kuwa msimamizi wa kazi tulipoikarabati nyumba ya marehemu babu yetu iliyoko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na niliyoyaona humo yalinithibitishia kwamba rangi yenyewe, kwa maana ya wekundu wake au ukijani wake, ni jambo linalostahili kuja nyuma kabisa, baada ya mtu kufahamu ukuta wake umejengwa kwa nini, nuru huingia kutoka upande gani, na ni nani atakayekaa humo usiku na mchana.

Nyumba hiyo ni ya kale, ya namna wanayoijua wote waliokulia mitaa ile: kuta za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake dhiraa moja na kitu, vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi, behewa katikati, na mashubaka ukutani ambamo bibi alikuwa akipanga sahani zake za kaure na mrashi wake. Katika ujenzi wake wa asili haikuingia hata kibaba kimoja cha saruji. Saruji ilikuja baadaye, kwanza kwa jiko na choo vilivyoongezwa uani kwa matofali, jambo ambalo halikumdhuru mtu; kisha, babu alipokwisha kufariki na nyumba ikawa inapangishwa, ikapanda hadi sebuleni, ambako sehemu ya chini ya ukuta iliyokuwa ikimomonyoka ilipigwa lipu ya saruji ngumu, na juu yake ikapakwa rangi ya maji yenye mng'aro, ile ambayo watu huiita ya plastiki. Ilipendeza sana, wanasema waliokuwapo. Ilipendeza hadi masika.

Tangu hapo nyumba ikawa na maradhi ya kila mwaka. Mvua zikishanyesha, rangi ilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na ndani yake mkatoka unga mweupe uliomwagika sakafuni kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Kabla ya Idi mafundi wa siku hiyo walikwangua palipobambuka, wakapaka tena rangi ile ile, na pengine wakaongeza mkono mmoja zaidi kwa nia njema, hata ukuta ukawa umevaa nguo za miaka yote pamoja. Jambo la ajabu, ambalo sote tuliliona na hakuna aliyelifikiri, ni kwamba alama ya maji haikubaki palepale pa zamani, ilikuwa ikipanda. Palipokuwa pakavu wakati wa bibi, usawa wa mashubaka, sasa palikuwa na weusi wa ukungu.

Mambo yalikuwa hivyo mtoto wa ndugu yangu alipoposa, na ikakubaliwa kwamba yeye na mkewe watakaa orofa ya juu, na shangazi yetu, ambaye hakuwahi kuhama nyumba ile tangu kuzaliwa, atabaki chini. Kijana alikwenda Darajani akarudi na kadi za rangi na nasaha za muuza duka, naye muuza duka alikuwa amemshauri kwa adabu kubwa anunue rangi nzito zaidi, ya kuzuia maji, aizibe kuta zote mara moja ili rutuba isipate pa kutokea. Nasaha hiyo ina mantiki yake, na kwa tangi la maji au ukuta wa bafu ni nasaha njema. Kabla hatujaifuata, shangazi alisema aitwe kwanza mzee mmoja, mtu wa shamba, aliyekuwa fundi wa chokaa tangu ujanani; na maadamu ni yeye mwenye kukaa na ukuta ule, hatukuweza kumkatalia.

Mzee yule alipokwisha kuamkiwa na kupewa kahawa, hakuuliza tunataka rangi gani. Alianza kuzibisha kuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, akisikiliza wapi panalia kwa uzito na wapi panalia utupu, na kila palipolia utupu alitia alama ya mkaa. Kisha akachovya vidole katika kikombe cha maji akarushia ukutani: katika chumba cha darini, ambacho hakikuguswa tangu enzi za babu, matone yalinywewa papo hapo, sebuleni yaliteremka juu ya rangi kama yanavyoteremka juu ya kioo. Mwisho akaomba kipande cha nailoni angavu, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, akasema kiachwe hadi kesho. Asubuhi nailoni ilikuwa imetoa jasho kwa ndani, upande unaoelekea ukuta, na hiyo ndiyo dalili kwamba maji hayatoki hewani bali yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Alipomaliza akachukua ule unga mweupe kwa ncha ya kidole, akauramba, akanitazama. "Mwalimu," akasema, "hii ni bahari. Mnataka kuifunga bahari mlango."

Maneno yale niliyachukua kuwa ya ushairi, lakini alipoyafafanua niliona ni maelezo ya kweli ya namna ukuta ule unavyoishi. Matumbawe ni mawe yaliyotoka baharini, au katika nchi iliyokuwa bahari zamani, na chumvi imo ndani yake; mchanga wa pwani, ukitumika bila kuoshwa, huongeza nyingine; na maji ya ardhini hupanda katika vitundu vidogo vya mawe na chokaa, kwa kuwa nyumba zile hazikuwekewa tabaka la kuzuia maji katika misingi. Ukuta wa chokaa hauyakatazi maji hayo kuingia. Huyapokea, na jua na upepo vikija huyatoa kwa uso wake mzima, kidogo kidogo, bila mtu kutambua. Uso huo ukivikwa lipu ya saruji na ngozi ya plastiki, maji hayaachi kupanda. Hukosa tu pa kutokea. Basi hupanda juu zaidi, hadi mahali ambapo saruji imekoma, yakatokea hapo. Na yale yanayopenya nyuma ya rangi yakikauka huacha chumvi yake, ambayo ikiganda hujikusanya kuwa fuwele na kuisukuma rangi kwa nguvu isiyozuilika. Malengelenge yetu ya kila masika yalikuwa ni chumvi hiyo ikifungua mlango. Rangi nzito ya kuzuia maji ingaliufunga kwa kufuli kubwa zaidi, na baada ya mwaka au miwili ingalichukua pamoja nayo uso wa jiwe.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali la dukani, yaani rangi gani, linatangulizwa na swali jingine lisiloulizwa dukani, yaani rangi ya jinsi gani. Ziko jinsi tatu ambazo mwenye nyumba wa kwetu aghalabu hukutana nazo: chokaa, rangi ya maji, ambayo ni unga wa rangi ulioelea katika maji pamoja na utomvu wa viwandani unaokauka kuwa utando, nayo ilienea ulimwenguni baada ya Vita Kuu ya Pili, na rangi ya mafuta, inayozimuliwa kwa tapentaini. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine kwa dhati yake. Kila moja ina ukuta wake, na tatizo la sebule yetu halikuwa ubovu wa rangi iliyopakwa, kwa kuwa mkebe ule ule juu ya matofali ya jikoni ulidumu miaka mingi pasi na ila.

Tukabandua. Kazi ya kubandua saruji bila ya kung'oa jiwe ni kazi ya subira na vumbi, nami sitaisimulia. Ukuta ulipobaki mtupu uliachwa upumue muda wote wa kaskazi, dirisha na mlango wa behewa vikiwa wazi, na chumvi iliyotokea juu ikafagiliwa kwa brashi kavu, si kwa maji, kwa sababu maji huirudisha ndani. Kijana alikuwa na haraka, na wakwe walikuwa na haraka zaidi. Lakini fundi alisema kwamba hata lipu mpya ikishapigwa, iwe ya chokaa au ya saruji, haipakwi kitu kabla ya kutimia mwezi, nayo ya chokaa katika hali ya hewa yetu yenye unyevu hutaka hata zaidi. Kuhusu hilo hakubembelezeka.

Katika kungoja huko alinipeleka shamba kuona chokaa inavyopatikana. Magogo hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe ya matumbawe yakawekwa juu yake, moto ukatiwa katikati. Na joto likifika kadiri ya digrii 900 jiwe hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki jepesi na jeupe, lenye kiu. Likimwagiwa maji huchemka na kufuka, nalo huvunjika kuwa unga. Unga huo ukihifadhiwa katika shimo la maji miezi na miezi huwa laini mfano wa samli. Na ikishapakwa ukutani, chokaa huivuta tena kutoka hewani ile hewa iliyopotezwa motoni, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo chokaa hailali juu ya ukuta kama ngozi, bali huwa sehemu yake. Haina malengelenge kwa kuwa haina kitu cha kutoa malengelenge. Tena ni kali kwa asili, hata ukungu hauipendi, na pengine hiyo ndiyo sababu wazee waliipaka vyumba vya wagonjwa na vya wazazi.

Namna ya kuipaka ni kinyume cha matumaini ya mtu asiyeizoea. Huzimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hulowanishwa kwanza, la sivyo huinyonya maji yake upesi ikabaki unga unaotia nguo alama. Na mkono wa kwanza hauonekani kabisa, hata kijana wetu akanong'ona kwamba tunalipa fedha kwa kupaka maji. Ni baada ya kukauka, na baada ya mkono wa pili, wa tatu na wa nne, ndipo weupe unapojitokeza, weupe usio na mng'aro lakini wenye nuru, ambao rangi ya mkebe, kwa maoni yangu, haijapata kuuiga. Bibi alikuwa akitia humo buluu ya kufulia nguo, chembe tu, ili weupe uzidi kung'aa. Na buluu hiyo inafaa kwa chokaa, kwani haiharibiwi na ukali wake, ilhali ziko buluu nyingine na wekundu mwingine wa viwandani ambao chokaa huufifisha mara moja. Rangi za udongo ndizo zinazostahimili, udongo wa manjano na ngeu, pamoja na masizi. Anayetaka zambarau ya kung'aa au waridi kali sharti atafute ukuta mwingine.

Jikoni na chooni, ambako kuta ni za matofali ya saruji na hazina chumvi wala kiu, hatukutumia chokaa hata kidogo. Mvuke na moshi na mafuta ya kukaangia huhitaji uso unaofutika kwa kitambaa, na hapo ndipo rangi ya maji yenye mng'aro wa kadiri ilipopata haki yake. Nasema wa kadiri, kwa sababu mng'aro ni mshitaki: kila tuta la lipu, kila alama ya mwiko, mwanga wa dirisha ukipita kwa ubavu huyadhihirisha, na ukuta wa kale usionyooka ukipakwa rangi ya kung'aa huonekana mgonjwa hata ukiwa mzima. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Lita moja hufunika kadiri ya mita 10 za mraba kwa mkono mmoja juu ya uso ulio laini na uliotangulizwa praima. Hupimwa mzunguko wa chumba kwa kimo chake, hutolewa milango na madirisha, huzidishwa kwa mikono miwili. Hununuliwa yote siku moja, na kama imechanganywa kwa mashine, ndoo zote humiminwa pamoja katika chombo kikubwa kabla ya kuanza, kwani mchanganyiko wa leo na wa mwezi ujao, ingawa una nambari moja, huweza kutofautiana kadiri ya kuonekana katikati ya ukuta.

Milango ilitutia hofu ya namna nyingine. Ilikuwa na matabaka ya rangi ya mafuta ya miaka mingi, na rangi za mafuta za zamani, hasa nyeupe, manjano na nyekundu, aghalabu zilitiwa madini ya risasi, sumu inayoharibu akili na damu ya watoto hata kwa kiasi kidogo. Jambo hili si jipya: mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha mwaka 1921 mapatano ya kuzuia risasi nyeupe katika kazi za kupaka ndani ya majengo, na juu ya hayo Marekani haikuipiga marufuku rangi ya risasi ya majumbani hadi mwaka 1978, na nchi nyingi zilikawia zaidi. Vijana wa kazi walitaka kupiga msasa mkavu ili wamalize upesi. Tulikataa. Mbao zililowanishwa, zikapigwa msasa kwa maji, vumbi likakusanywa kwa matambara mabichi, na watoto wa jirani, waliozoea kuja kucheza behewani, wakapelekwa kwa nyanya yao hadi kazi ilipokwisha. Rangi mpya tuliyonunua tuliichagua kwa kusoma maandishi ya mkebe yanayosema haina risasi, na mkebe usiosema lolote tuliurudisha.

Ndipo, baada ya yote hayo, tukafika kwenye rangi yenyewe. Kijana alitaka kijivu sebuleni, kijivu cha vyumba vya hoteli za kisasa, na mimi sina uadui na kijivu. Lakini chumba chetu hakipati jua. Kinapata nuru iliyokwisha kugonga kuta za behewa na kurudi, na asubuhi nuru hiyo ina ubaridi wa kivulini. Tulipaka mbao tatu, kila moja upana wa mlango wa kabati, tukaziegemeza ukutani, si chini ya dirisha ambako kila rangi hupendeza, bali katika pembe yenye giza zaidi. Tukaziangalia asubuhi, adhuhuri, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Kijivu kilichokuwa cha kistaarabu dukani kiligeuka mchana kuwa samawati ya majivu, na usiku, chini ya taa ya manjano, kikawa na uchafu fulani ambao hakuna aliyeweza kuutaja wala kuukanusha. Pamoja na hayo, rangi ikienea ukuta mzima huzidi nguvu, kwani kuta hutupiana nuru na kila mmoja humpaka mwenzake. Ndiyo maana anayependa kipande cha kadi hufanya vyema kuchukua kilicho hafifu kuliko alichokipenda.

Aliyekata shauri ni shangazi. Macho yake yana mtoto wa jicho, na watu wa umri wake, kwa kuwa lenzi ya jicho imeingia umanjano, hawazitofautishi vyema buluu na kijani na kijivu. Kwake mbao zetu zote tatu zilikuwa moja. Alichotaka ni kuuona mlango. "Ukuta uwe vyovyote," alisema, "lakini nisiusukume ukuta nikidhani mlango." Kwa hiyo ukuta ukawa mweupe wa chokaa yenye chembe ya ngeu, unaopokea nuru haba ya behewa na kuirudisha ikiwa na vuguvugu, na milango na vizingiti vikapakwa hudhurungi iliyokolea, na pembezoni mwa swichi za taa ukapigwa mstari wa rangi ile ile. Wageni huusifu mstari huo wakidhani ni urembo.

Haifai kuificha gharama. Kubandua, kungoja na kupaka chokaa kulitugharimu zaidi ya rangi ya duka kwa mwaka ule, na chokaa hudai kurudiwa kila baada ya muda, ingawa kurudia kwake ni kazi ya asubuhi moja isiyohitaji kukwangua kitu. Anayeegemea ukuta kwa koti jeusi huondoka na kumbukumbu. Wala simshauri mtu aliyejenga kwa matofali ya saruji kule Fuoni au Mbweni aanze kutafuta mashimo ya chokaa, kwa sababu ukuta wake hauna haja nayo, na rangi ya maji njema juu ya lipu iliyokauka itamtumikia vizuri. Kwa wenye nyumba za mawe hali ni nyingine: mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, huwahimiza warejee chokaa, na mimi nilikuwa nikilihesabu himizo hilo kuwa ni mapenzi ya mambo ya kale tu, mpaka nilipoiona ile nailoni ikitoa jasho.

Bibi harusi alipokuja kukitazama chumba chake cha juu alitaka kijani, na kwa kuwa orofa ile ni kavu na ina madirisha pande mbili, hakuna aliyepinga. Fundi alimchanganyia udongo wa manjano na buluu ya kufulia katika chokaa, akapata kijani cha embe bichi lililomenywa, naye akakikubali. Ukuta mmoja tu, ule unaopakana na bomba la mvua la jirani, fundi alikataa kuupaka kabla bomba halijatengenezwa, na hadi sasa haujapakwa, kwa kuwa jirani na sisi bado tunabishana ni nani mwenye bomba.